Dobi Anayeambiwa Bado Yuko Kazini Nchi Nyingine

Saa moja asubuhi, mvuke umeshatanda kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Dobi wa miaka hamsini na tisa anaingiza shuka kwenye mashine ya kupigia pasi na kuizungukia kuipokea upande wa pili.

"Andika, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Unaniona niko hapa? Basi ofisi ya pensheni wanasema niko nchi ya pili, nafua."

Kwa miaka kumi na moja alifua mashuka ya hoteli kwenye kiwanda ng'ambo ya mpaka, akikatwa mchango wa uzeeni kila mwezi. Hapa ana miaka minne. Pensheni inataka kumi na tano, na nchi hizi mbili zimekubaliana kuunganisha miaka ya mfanyakazi. Isipounganishwa, anakosa huku na kule.

Kiwandani hakuna aliyeitwa kwa jina. Mtu aliitwa kwa namba ya mashine yake, na yeye alikuwa Kumi na Nne. Fomu ya mafao ilipouliza namba ya mfanyakazi, akajaza hiyohiyo.

"Ningejaza nini? Hata mume wangu akipiga simu alikuwa anaomba kuongea na Kumi na Nne!"

Alipohama, mashine ikapata mtu mwingine, na michango ya huyo ikaendelea kuingia kwenye namba ileile.

Mwezi uliopita karani alimgeuzia kompyuta ajionee mwenyewe. "Mama, huyu hajaacha kazi. Akiacha ndiyo tutahamisha."

"Nani aache?"

"Wewe."

"Mbona nimeshaacha!"

Karani akakuna kichwa. Alimwonea huruma, ila hakujua aanzie wapi. Dobi anasema alilia kwenye ngazi za ofisi, kisha kicheko kikambana, na mpaka leo hajui lipi lilimfaa.

Jumatatu alipiga simu kiwandani, akamwomba Kumi na Nne.

"Ndiyo mimi," akajibu mwanamke.

"Na mimi pia, mdogo wangu."

Ikabidi amweleze mara tatu. Mwenzake alipoelewa, naye akashikwa na hofu. "Sasa dada, hii miaka yangu minne iko kwa nani?"

Dobi ameomba likizo, na wiki ijayo anavuka mpaka. Wataongozana hadi ofisi ya pensheni ya huko, kila mmoja na barua yake ya kuajiriwa.

"Wakiita Kumi na Nne, tutasimama wote wawili," anasema, akivuta shuka nyingine. "Wachague wenyewe nani hayupo."