Majina Yaliyokuwa Sandukuni

Harufu ya uunsi iliyochanganyika na aidini ikinipitia puani mpaka leo, nakunja ngumi. Ndiyo harufu ya sanduku la bati la mjomba wangu, abti Salaad, lililokaa chini ya kitanda cha bibi katika nyumba yetu ya Galbet, mjini Garissa. Uunsi ulikuwa wa bibi, aliyelifukiza kila Ijumaa akiamini mchwa hawapendi manukato. Aidini ilikuwa ya vita. Vita vilipowaka ng'ambo ya mpaka, abti alijitolea kwenye gari la kubebea majeruhi, pikapu tu iliyotandikwa magodoro. Kila aliyembeba alimwandika kwenye daftari la shule: jina lake, la baba, la babu na la baba wa babu, maana kwetu mtu mwenye jina moja hajulikani ni nani. Aliyefia njiani aliandikiwa pia mahali alipozikwa na alama ya kaburi.

Aliporudi akawa mwandishi wa habari. Alituma majina, gazeti likachapa "watu kadhaa". Nilimwona akiisoma hiyo kadhaa uani, kisha akalitia gazeti sandukuni pamoja na nakala za barua alizowaandikia wahariri kulalamika. Hawakumjibu hata mara moja. Nami nasema wazi, hakuna mama aliyezaa kadhaa.

Abti alifariki nilipokuwa na miaka kumi, katika jilaal, kiangazi kile kikali ambacho vumbi huingia hadi kwenye chai. Hata baada ya maziko watu waliendelea kuja, wengine wakipanda malori ya mbuzi kutoka Griftu na kwingineko, kutafuta watu wao madaftarini. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Nilikaa mkekani, kidole kikifuata mstari, na mtu akisikia jina la mtu wake aliinua mkono, nami nikanyamaza mpaka amalize kulia. Sikuwahi kuiona kazi ile kuwa nzito, niliona fahari.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, shati limenyooka, maneno yamenyooka zaidi. Alisema taasisi yake itayapiga picha makaratasi yote na kuyarudisha baada ya mwezi mmoja. Bibi alimkaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia na kumlisha nyama ya mbuzi. Nilimnong'oneza bibi amwambie aandike kwamba amechukua. Alinifinya paja hadi machozi yakanitoka, kwa sababu kwetu kumwandikisha mgeni aliyekula kwako ni kumwita mwizi. Kisha akamgeukia yule bwana kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Chukua tu. Neno yako inatosha."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulipoteza daftari lenyewe. Wiki mbili baadaye akafika mama mmoja kutoka Elwak, tuliyemwita eeddo Habiba, yaani shangazi, akimtafuta mwanawe wa kwanza. Bibi alimwambia sanduku limeenda Nairobi na litarudi. Habiba alikaa kwetu mwezi mzima akingoja, akichota maji nasi, na kila gari liliposimama nje alikuwa wa kwanza kuchungulia. Aliondoka bila kulaumu. Bibi aliacha kufukiza uvungu wa kitanda. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wenyeji tulibaki na kidonda.

Simlaumu bibi, Mungu amrehemu. Hasira yangu ni kwa yule aliyeujua uungwana wetu akautumia kama mlango usio na komeo. Miaka thelathini nimepiga simu na kuandika barua. Mwaka huu, baada ya kutakiwa kuleta barua ya chuo kikuu, niliruhusiwa kuingia chumba baridi cha taasisi ile, chenye meza zinazong'aa na kibao cha kuagiza ukimya. Wakaniletea madaftari ya mjomba wangu na glavu za kuyashikia. Hayakunuka chochote. Kwenye boksi, mahali pa mwenye mali, palikuwa na jina la yule bwana, chini yake pameandikwa: "Orodha za majina. Hazijashughulikiwa." Niliomba nakala. Karani, kijana mpole, akasema mpaka mwenye mali atoe idhini.

Nilivua glavu. Nikafungua daftari la saba, nikafuata mistari kwa kidole kama zamani, na nilipofika nilipopataka nikapiga simu Elwak. Habiba sasa ni kikongwe, lakini sauti niliitambua. Nikamsomea kwa Kisomali, kwa sauti ya mkekani: Abdullahi Noor Guled Hirsi, amezikwa kaskazini ya kisima, mawe matatu upande wa kichwani. Karani akaja akanionyesha kibao. Habiba alilia, nami nikangoja amalize, kama ilivyokuwa desturi yetu. Kisha nikamsikia akiwaita majirani zake.

"Usikate, mwanangu," akasema. "Hapa kuna wengine. Soma anayefuata."

Karani alikuwa bado amesimama juu yangu. Nikageuza ukurasa, nikapaza sauti.