Ardith Anaegesha Trela

Ardith na mumewe Merle walinunua trela lao la kwanza, nyumba ya kukokotwa na gari, walipostaafu. Merle alichonga kitanda na makabati, Ardith akashona mapazia. Kila Jumamosi walijifunza kulirudisha nyuma kwenye maegesho ya kanisa, mke akishika usukani, mume akifoka kule nyuma. Merle akafariki kabla ya safari yao ya kwanza.

Ardith akaja peke yake kambini kwetu, kambi ya wastaafu wenye matrela, jangwani Arizona. Sisi wazee tukavuta viti tumtazame mgeni akihangaika kuegesha. Tusidanganyane, hiyo ndiyo sinema yetu. Trela likaenda upande, akalitoa, likaenda upande tena. Nikaona haya, nikaenda nyuma kumwelekeza.

“Kushoto kidogo, dada. Taratibu tu, unaweza.”

Akafunga breki, akatoa kichwa dirishani. “Kaka, usinibembeleze! Merle hakunibembeleza hata siku moja. Nifokee!”

Basi nikafoka. “Kushoto, we mwanamke! Kushoto nimesema! Umelala?”

Trela likaingia kama droo kabatini. Watu wakapiga makofi. Nikamwambia limeshakaa, ashuke.

“Najua,” alisema, usukani bado kaushika. “Foka tena kidogo.”