Benki Wanataka Nitaje Jina la Baba Mkwe

Leo nusura nimkoseshe mjukuu wangu kazi kwa sababu ya adabu!

Mjukuu wangu mwingine, Atupele, anaandika, mimi nasema.

Huyu Atupele alipopata unesi, hospitali waliuliza leseni, chanjo, na kama amewahi kumdhuru mgonjwa. Basi. Mimi hawakunitafuta.

Sasa kaka yake, Ambakisye, ameomba kazi benki. Benki wametuma kijana wa tai mpaka hapa Ikuti kumchunguza. Ana madeni? Anacheza kamari? Amewahi kushtakiwa? Nikajibu yote.

Yaani anayeshika roho za watu hachunguzwi hivyo, kwa anayeshika pesa ndipo tunasumbuliwa!

"Sasa bibi, nitajie jina lake la ukoo, nilinganishe na cheti."

Jamani! Hilo ni jina la baba mkwe wangu, na kwetu mke hataji jina la mkwe. Nimeolewa hapa enzi za Ujamaa, halijawahi kunitoka mdomoni. Hata balozi wa nyumba kumi alipoandikisha kaya alimuuliza jirani.

"Silitaji, baba."

"Hulijui?"

"Nalijua!"

"Bibi, nikiandika kwamba umekataa, kazi hapati."

Ambakisye, aliyekaa pembeni, macho yamemtoka. "Bibi, mara moja tu!"

Mara moja ya nini? Mkwe ni mkwe hata akiwa amezikwa.

Nikamshika yule kijana mkono mpaka migombani, kwenye kaburi la mzee.

"Wewe ndiye uliyesoma. Soma msalaba huo."

Akasoma kwa sauti. Mimi nimegeuka, nimejifunika kanga usoni.

"Limelingana," akasema.

Haya, wakwe wa siku hizi, semeni ukweli: nyie mngetaja?