Chuma cha Arvella

Kwenye ranchi ya kina Tolliver, chini ya kilima cha misonobari huko Dakota Kusini, hapakuwahi kuliwa kitu kabla Arvella hajapiga chuma. Wageni waliolipia chakula na muziki wangekuwa na njaa namna gani, watoto wangelia namna gani, sahani za bati zilibaki zimerundikwa mpaka mama yule atoke jikoni na aproni yake iliyolowa mchuzi, aigonge ile pembetatu iliyoning'inia kwenye nguzo. Hapo ndipo watu walipoinuka, meza kwa meza, wakapanga foleni: maharagwe, viazi, nyama ya kifua iliyoshinda kutwa kwenye moshi, mkate laini wa moto, matofaa ya kupondwa. Ukiinuka kabla ya zamu ya meza yako, unazomewa na ukumbi mzima.

Babu yake ndiye aliyekifua chuma hicho kutoka kwenye gari la kukokotwa lililovunjika, akaacha amri. Kwa chakula, gonga taratibu kisha acha. Kwa balaa, gonga usiache. Arvella alizaliwa hapo, akaolewa na mpiga besi wa bendi ya hapo, akamzika hapo hapo kando ya kijito, akabaki na jiko na mdogo wake Lyndell. Katika maisha yake yote alikuwa ameusikia mlio wa balaa mara moja tu, utotoni, ghala lilipoungua na farasi wakiwa ndani. Mtoto wa mgeni akikichezea chuma kile, ungemwona Arvella anavyobadilika rangi.

Jioni moja ya Agosti upepo ulivuma kutoka kilimani, mkavu, wa vuguvugu, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Nyasi zilikuwa zimekauka hadi zinavunjika chini ya viatu. Arvella alinusa moshi akakunja uso.

"Orrin," alimwita mwokaji nyama, "leo umetia kuni gani? Moshi wako mchungu."

"Zile zile, mama. Mwaloni."

"Mwaloni haunuki hivi. Huu ni msonobari. Utawalisha watu nyama yenye ladha ya sabuni ya chooni."

Orrin akafungua tanuri, akachungulia, akacheka. "Mwaloni mtupu. Labda pua ndiyo imezeeka."

Yakaishia hapo. Mahali panapofuka moshi kila siku ya Mungu, nani atauliza moshi umetoka wapi?

Kisha farasi. Walikuwa wamejibana kwenye kona ya chini ya zizi, makalio yameelekea kilima, majani mbele yao hayajaguswa. Jike la kijivu lilikuwa limemziba mwanawe kwa ubavu, masikio yamelala.

"Wamesikia bendi ikifanya mazoezi," alisema Lyndell, akibandika masharubu yake ya gundi. Yeye ndiye aliyewachekesha wageni kila jioni kwa kuigiza mkuu wa polisi wa zamani, nyota ya bati kifuani, bastola ya kupiga kelele kiunoni. "Hata mimi ningekuwa na miguu minne ningekimbia."

"Sitanii, Lyndell. Waangalie."

"Dada, nimewaangalia tangu natambaa. Kila upepo ukivuma wanapata wazimu. Nenda kageuze mikate yako."

Akaenda kuigeuza. Muda ulipofika akagonga chuma, watu wakala, bendi ikapiga fidla na gitaa, na Lyndell akafanya yake. Alimkamata mgeni mmoja, bwana Brandvold, aliyevaa kofia mpya bado ina karatasi ya bei, kwa kosa la kurudia maharagwe. Halafu akapanda juu ya benchi, akapiga yowe lake la kila jioni: "Moto! Kofia yangu inaungua! Kimbieni!" Wapiga muziki wakaja mbio na ndoo, wakawamwagia wageni karatasi zilizokatwakatwa badala ya maji. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Kuna familia zilizorudi kila mwaka kwa ajili ya ndoo ile tu.

Mwisho wa jioni ranchi ilikuwa na desturi yake. Taa zote zilizimwa, wageni wa mjini waone nyota, na bendi iliimba polepole wimbo wa kurudi nyumbani. Taa zikazimwa.

Nyota hazikuwepo. Juu ya ukingo wa kilima palikuwa na uzi mwekundu, mrefu, unaopumua.

Wageni wakaguna kwa furaha. Wengine wakapiga makofi. "Mwaka jana hawakuwa na hii," Brandvold alimwambia mkewe. "Wameongeza."

Arvella alisimama mlangoni mwa jiko, kitambaa cha sahani kikamdondoka. Ndipo alipouelewa moshi. Barabara ya kutoka ilikuwa moja, na daraja lake la mbao lilikuwa chini ya kilima kile kile.

Lyndell naye alikuwa ameona. Akapanda benchi. "Jamani, huu ni moto. Wa kweli. Nendeni kwenye magari."

Kicheko.

"Ndoo iko wapi?" aliuliza mtoto.

"Mkuu, mbona kofia yako nzima?" akasema Brandvold.

"Bwana, sitanii."

"Ndivyo ulivyosema mwaka jana."

Sauti ya Lyndell ikakatika, na kwa jinsi ilivyokatika wakazidi kucheka.

Mkono wa Arvella ulikuwa umeshafika kwenye chuma. Ulitaka kugonga usiache. Lakini mlio ule nani anaujua hapa? Wangeudhani mchezo mwingine, na wakiuamini watakanyagana gizani. Akakiondoa chuma kwenye ndoano, akatoka nacho haraka hadi uwanja wa magari. Akagonga taratibu. Kisha akaacha.

Halafu mabenchi yakakwaruza sakafu.

"Kuna keki," mtu alisema.

Wakaja, meza kwa meza, sahani mkononi, kama walivyofundishwa. Mpiga fidla alielewa, akawafuata nyuma akipiga. Binti wa Brandvold alifika wa kwanza.

"Bibi, keki iko wapi?"

"Ingia garini na baba, mjukuu wangu." Kwa baba akanong'ona, "Vuka daraja. Usisimame."

Brandvold alitazama uso wake uliokuwa mwekundu kwa mwanga wa kilima. Akambeba mtoto, sahani ikabaki vumbini.

Magari yakatoka moja baada ya jingine, yakamezwa na moshi. Orrin alileta gari la mwisho. "Mama, panda."

"Lyndell yuko wapi?"

"Kaenda kufungua zizi."

Alipanda, lakini ng'ambo ya daraja akashuka. Akainua chuma kwa mkono mmoja, akagonga kwa mwingine, na hakuacha. Farasi ndio waliotoka kwanza, macho yamewatoka, wakampita. Mkono ukafa ganzi, akabadilisha. Mwishowe Lyndell akaja akiufuata mlio, anakohoa, masharubu yamening'inia upande mmoja. Arvella alingoja utani. Lyndell alitania hata kwenye mazishi ya mama yao.

"Farasi wote wametoka?" Arvella akauliza alipoona utani hauji.

Lyndell akatikisa kichwa. "Jike la kijivu na mwanawe wamebaki nyuma. Usiache kupiga, dada."

Akaendelea kupiga, macho kwenye daraja. Kingo zake zilikuwa zimeanza kufuka.