Pini Iliyokwenda Zuhura

Kapitolina Yegorovna alikuwa fundi wa kukunja parachuti, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona akikosea. Hata ile ya kushushia chombo kisicho na mtu kwenye sayari ya Zuhura, wakubwa wa Moscow hawakutaka iguswe na mikono mingine.

Balaa lilianzia kwenye sifa. Mkubwa mmoja alikuja karakanani, akapapasa kitambaa, akapaza sauti: "Nzuri ajabu! Hii haiwezi kushindwa!" Kapitolina akashtuka. Kwa imani ya kwao, sifa za namna hiyo ndizo zinazoita kijicho. Mgeni alipogeuka tu, alichomoa pini ya kukinga kijicho aliyoivaa ndani ya gauni, akaichomeka kwenye mkunjo. Jioni sindano za karakana zilihesabiwa, zikatimia, maana pini ya gauni haikuwamo kwenye hesabu. Mfuko ukatiwa lakiri, ukaondoka.

Alipofika nyumbani ndipo akili ilipomrudia. Chuma chenye ncha ndani ya kitambaa! Jamani, mtu mzima na akili zake! Kabla hajapata ujasiri wa kusema, redio ikatangaza kuwa chombo kimeruka.

Safari ilikuwa ya miezi minne, na miezi minne hakutulia. Chai ilimpoa mkononi; usingizi aliusikia kwa jirani. Mwisho akamwendea msimamizi wao, Agnia Lukinichna.

"Mle ndani kuna pini yangu."

"Pini gani, mwenzangu?"

"Ya kijicho."

Agnia akashika kichwa. "Wewe ni fundi au mganga? Sasa nikaitoe na nini, ngazi?"

"Niadhibu basi."

"Una haraka ya nini? Parachuti ikichanika tutaadhibiwa sote."

Siku ya siku, Agnia alitoka mbio kwenye simu. "Imefunguka! Chombo kimeshuka kikituma habari mpaka hewa nzito ya huko ikakiponda. Parachuti haikuchanika!"

Kapitolina alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hofu. Hakujua kama pini ndiyo iliyomwokoa, au bahati ndiyo iliyomwokoa na pini.

Wiki iliyofuata ililetwa parachuti ya chombo kingine. Wenzake wakampisha mezani. Yeye akasimama mlangoni, akanyoosha mikono.

"Nikague, Agnia Lukinichna."

"Ah! Wewe wa kukaguliwa?"

"Mimi hasa. Kila asubuhi naapa kuacha pini nyumbani, na leo nimekuja na nyingine."