Mkono wa Mwalimu Namalwa

Shule ya Kinyanjui iko Dagoretti, nyuma ya machinjio, na jina lake ukutani lina maneno sita, yote ya kujisifu. Madirisha ni mawili. Kinyanjui zamani aliuza mbuzi. Akapiga hesabu, akaona mbuzi lazima umlishe, lakini mtoto huja asubuhi akiwa ameshalishwa kwao. Akabadilisha biashara.

Mwalimu Namalwa amefundisha chekechea hapo miaka kumi na moja. Mwaka huu alikuwa na watoto arobaini na sita na kopo la vizibo vya soda. Asubuhi alivimwaga sakafuni: nipe viwili, ongeza kimoja, sasa una vingapi? Ni kazi ya polepole. Ukichungulia mlangoni utadhani ni fujo, na Kinyanjui alikuwa mtu wa kuchungulia.

"Mwalimu, mzazi haoni vizibo. Mzazi anaona kitabu. Ijumaa vitabu viende nyumbani na moja mpaka mia, ama vipi?"

"Lakini wengine hawajui hata tatu ni nini, Bwana Kinyanjui."

"Si waandike tu. Hata mimi huandikia wizara kila mwezi, na sijui wanataka nini."

Ndipo Alhamisi ikawa siku ya mikono. Namalwa alipiga magoti nyuma ya kila mtoto, akaufunika mkono mdogo kwa mkono wake, akanong'ona, "Legeza," na penseli ikatembea. Hakuna mtoto wa miaka mitano anayeandika safu kumi zilizonyooka vile. Wazazi wote waliamini wao wanaye. Nani amewahi kubishana na kitabu kinachomsifu mwanawe?

Aliyejua kulegeza kuliko wote alikuwa Millicent, binti wa Oyoo, mtunza bustani kule Kitisuru, kwenye boma ambalo nyasi zake ni laini kuliko godoro analolalia yeye. Millicent aliimba moja mpaka mia bila kuvuta pumzi, kisha ukimwomba vizibo vinne anakupa kiganja kilichojaa. Namalwa aliketi naye kila mapumziko, uji wake mwenyewe ukipoa. Siku moja ya Septemba akamwomba viwili. Millicent akachukua viwili, akavitazama, akarudisha mkono koponi, akaghairi. Alighairi! Namalwa alifurahi kuliko siku ya harusi yake, ambayo kusema kweli pilau iliisha kabla ya bibi harusi kufika.

Wiki hiyohiyo Oyoo alimwonyesha tajiri wake kile kitabu. Mama Janice alikipekua, akasema mtoto wa aina hii haachwi nyuma ya machinjio. Familia yake ilikuwa inahamia Kanada mwezi wa Desemba, lakini kabla ya kuondoka angemtafutia Millicent nafasi katika shule ya hukohuko Kitisuru na kumsomesha mpaka amalize. Apite tu intavyu ya Jumamosi.

"Ticha, twende wote," Oyoo alimsihi. "Wewe ndio umemtoa mbali."

"Baba Millicent, bado mapema. Niachie mpaka mwaka ujao."

"Mwaka ujao Mama Janice atakuwa anakanyaga theluji. Ama unataka akae kwako mpaka aote ndevu?"

Namalwa alicheka. Angeweza kusema ukweli palepale. Badala yake alikwenda kupiga pasi blauzi.

Aliyemhoji mtoto alikuwa mwalimu kijana, mpole, jina lake Wangeci. Oyoo na Namalwa waliketishwa nyuma, kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Millicent aliimba namba. Alipofika thelathini na nne, Wangeci akamsimamisha kwa tabasamu, akamsogezea rundo la vipande vya mbao.

"Sasa nipe vitano."

Millicent alilitazama rundo, kisha kwa adabu zake zote akalisukuma lote upande wa mwalimu.

"Lo! Umenipa vyote. Asante. Haya, niandikie tano hapa."

Mtoto akashika penseli, akaweka ncha kwenye karatasi, akalegeza vidole. Akangoja. Hakulia, wala hakuogopa. Dakika ilipopita alisogea mbele kidogo kitini, ili mtu apate nafasi ya kupiga magoti nyuma yake.

Namalwa peke yake ndiye aliyejua nafasi ile ilikuwa ya nani. Hakuinuka.

Nje ya geti, Oyoo alimwinamia binti yake. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja Ticha."

"Ticha si alikuwa hapo nyuma, amekaa!"

"Baba Millicent, usimgombeze," Namalwa alisema. "Zile namba ni zangu. Huwa namshika mkono. Wote nawashika."

Oyoo alimkodolea macho, halafu akacheka kicheko kibaya. "Ticha, una roho safi. Lakini usibebe kiburi ya mtoto." Akatoa kitabu kwenye karatasi ya nailoni, akakifungua. "Hii tano ni ya mtu hajui? Hebu ona mkia yake!"

Namalwa akauona. Mkia ule alifunzwa na masista huko Bungoma, akiwa na umri wa Millicent. Mkobani alikuwa na kalamu. Angempa mtoto, aseme andika, na baba angeamini papo hapo. Ila mtoto angeshindwa mara ya pili asubuhi moja, safari hii baba akimtazama usoni. Aliuacha mkoba umefungwa.

"Jumatatu anapanda basi aende kwa mamangu, Ugenya," Oyoo alisema. "Mji imemharibu. Mtu anajua kitu na anakataa!" Akamnyooshea Namalwa kitabu. "Andikia mamangu hapo mwisho. Mwambie akili iko, ni ukaidi tu. Asimhurumie."

Sasa Namalwa akatoa kalamu. Aliandika akiegemea ukuta: *Millicent anajua moja na mbili, na anazijua kabisa. Mfundisheni tatu, kwa vitu vya kushika. Hayo mengine niliandika mimi.*

Oyoo alisoma midomo ikicheza. Alisoma tena. Kisha akakibana kitabu kifuani, akaing'oa polepole ile karatasi yenye maneno ya Namalwa, asije akachana zile zenye namba.