Kila Spana na Mahali Pake

Haya yote ni kweli tupu, mpaka mkato na nukta. Anayebisha aende akahesabu spana mwenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi bomba anapanda nyuma ya gari lake la kazi, gari kuukuu ambalo hata Nuhu alilikataa kwa uzee. Anafumba macho. Mkono unakwenda wenyewe: spana, msumeno, koleo. Haukosei.

"Vifaa mia tatu," nasema huku naandika daftarini, mimi mwandishi mzee niliyekuja kuandika habari zao.

"Arobaini na kimoja, mzee," anasema mkewe kutoka kwenye usukani. "Usitie chumvi."

Rafu ni mbao za makreti. Visanduku ni madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa ubavu. Koleo na bisibisi zimebanwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli vilivyopigiliwa kwenye ubao. Gharama yote haikufika bei ya spana moja mpya. Ilibidi iwe hivyo, maana akiba iliishia kwenye dawa.

Fundi ana presha ya macho. Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la nusu inchi. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi.

"Wateja hawaogopi macho mabovu," anasema. "Wanaogopa kuniona napapasa. Wawili wamenikimbia. Akinikimbia na wa tatu, nimekwisha."

Mkewe aliacha cherehani akawa dereva. "Nilijifunza gari huku nalia. Ananiambia kata kushoto, na hiyo kushoto yenyewe haioni!"

Wanacheka, kicheko kifupi.

Saa nne wako kwa mama mmoja ambaye jiko lake limejaa maji. Fundi anatoka mbio chini ya sinki, anafika garini, anapeleka mkono penye koleo. Hewa. Anapapasa juu, anapapasa chini, anaangusha dumu, viungio vya mabomba vinatawanyika barabarani. Mwenye nyumba amesimama mlangoni, anatazama.

"Pole, fundi. Nitatafuta mwingine."

Mkewe ananigeukia. "Mzee, nani kagusa koleo?"

"Barabara hizi, mwanangu, mashimo yake..."

"Mashimo ndiyo yaliyofungua soda yako?"

Koleo limo kwenye dumu la misumari, nilimolitupa baada ya kufungulia chupa. Fundi hanitukani. Afadhali angenitukana.

"Mwezi mzima, babu," anasema taratibu. "Mwezi mzima naufundisha mkono."

Basi nalipa. Naenda mlangoni na kumwambia yule mama kwamba aliyeharibu ni mimi, mwenye macho mazima yote mawili. Ananitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Amalize hili," anasema. "Hili tu."

Fundi anamwita mkewe. "Njoo, mama watoto. Nataka ukijue kila kiungio kabla giza halijanifunga macho."

Wanalala wote wawili chini ya sinki, ndani ya maji, mkono wake juu ya mkono wa mkewe. Mimi nimepiga magoti barabarani, naokota viungio kimoja kimoja.